Jasho Huchelewa Kusema

Katika stendi ya Bweri, Musoma, kazi huanza kabla jua halijachomoza. Mama lishe wanamimina chai ya rangi, makuli wanasukuma magunia ya dagaa kwenye buti, na wapiga debe wanagombea abiria huku injini za mabasi ya masafa marefu zikinguruma. Trafiki akiamua kufanya ukaguzi, hupanda mpaka kwenye kiti cha dereva akiwa na kifaa kinachoenea kiganjani, chenye mrija wa plastiki. Dereva anavuta pumzi, anapuliza mpaka kifaa kilie, namba inatokea. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili.

Dakika hizo mbili zinadhamini safari ya zaidi ya kilomita 1,300 hadi Dar es Salaam. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamvumilia dereva wa kawaida mpaka miligramu 80 za kileo katika kila mililita 100 za damu. Anayeendesha gari la abiria au la biashara anatakiwa awe sifuri. Kipima ulevi hujibu swali la sheria hiyo kwa wakati ule ule kinapopulizwa. Dereva alilalaje, alikunywa nini na saa ngapi, na hali yake itakuwaje baada ya kituo cha chakula cha usiku, hayo yako nje ya uwezo wa kifaa hicho.

Usiku uliotangulia, hata hivyo, unaweza kupigiwa hesabu. Chupa ya nusu lita ya bia yenye kileo asilimia 5.5, ambacho ndicho kiwango cha bia ya Safari, ina takriban gramu 22 za kileo halisi. Mwaka 1932 mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, alichapisha kanuni ambayo mpaka leo hutumika mahakamani na maabara: gramu za kileo zikigawanywa kwa uzito wa mtu, kisha zikarekebishwa kwa kiasi cha maji mwilini mwake, hutoa makadirio ya kileo kilichomo katika damu. Mwanamume wa kilo 70 akinywa chupa moja hupanda kwa miligramu 45 hivi. Mwanamke wa uzito huo huo hupanda zaidi, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kukizimulia kileo hicho.

Sasa achukuliwe dereva wa kilo 70 aliyekaa baa kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita, akamaliza chupa sita. Jumla ni miligramu 270 hivi. Ini lake linapunguza takriban 15 kwa saa, halikimbizwi na wala halibembelezwi. Saa kumi na mbili asubuhi, anapokaa kwenye usukani, bado ana kama 120. Amelala, ameoga, ameswaki, amevaa sare iliyopigwa pasi, lakini damu yake imezidi kiwango cha dereva wa kawaida kwa nusu nzima. Hatafika sifuri mpaka kwenye saa nane mchana, basi likiwa limeshauacha mkoa wa Mara muda mrefu. Angekunywa chupa tatu tu na kuondoka saa nne, asubuhi angekuwa safi.

Vijiweni hesabu hiyo haipendwi. Watu wanaamini supu ya kongoro, maji ya ndimu, kahawa kali au usingizi mzito wa saa tatu. Wengine huzimua, yaani huongeza chupa asubuhi ili kichwa kitulie. Supu hurudisha chumvi na maji, kahawa humfumbua mtu macho. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholiongezea ini kasi. Kuzimua ndiyo balaa zaidi: kunaongeza deni juu ya deni ambalo halijalipwa.

Hapo ndipo wazo la kifaa cha kuvaliwa linapopata nguvu. Kileo mwilini hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka taratibu kwa saa nyingi. Kupuliza mara moja ni kuchungulia nukta moja ya mwendo huo. Kifaa kinachokaa mwilini usiku kucha kinaweza kuuchora mwendo wote, mradi kipate mahali pa kukichungulia kileo bila sindano na bila kumwamsha mtu.

Mahali hapo ni ngozi.

Sehemu kubwa ya kileo huchakatwa na ini. Kiasi kidogo hutoroka kikiwa kizima kupitia pumzi, mkojo na ngozi. Kinachopita kwenye ngozi ni takriban asilimia moja ya kilichonywewa, kingine ndani ya jasho linaloonekana na kingine kama mvuke ambao mwenyewe hausikii. Wanasayansi walijua tangu miaka ya 1930 kwamba jasho la mlevi lina kileo, lakini kujua ni jambo moja na kupima ni lingine. Mwaka 1992 daktari wa Marekani Robert Swift na wenzake walichapisha matokeo ya kifaa cha kielektroniki kinachovaliwa, kilichotengenezwa pamoja na kampuni ya Giner, kilichonusa mvuke huo moja kwa moja kutoka kwenye ngozi.

Ufundi wake ni uleule uliomo katika vipima ulevi vingi vya trafiki. Ndani kuna seli ndogo ya kielektrokemia yenye platinamu. Molekuli za kileo zikiigusa platinamu hubadilika kuwa asidi, ileile inayopatikana katika siki, na katika kubadilika huko huachia elektroni. Elektroni hizo ni umeme mdogo sana: kileo kikizidi umeme unazidi, kikipungua unapungua. Kwa trafiki, seli hiyo hulishwa pumzi kutoka mapafuni, ambako hewa na damu hukutana karibu kabisa. Kifaa cha mwilini huilisha mvuke wa ngozi, na mvuke huo umesafiri safari ndefu zaidi kufika hapo.

Safari hiyo ndiyo kiini cha tatizo. Kileo hutoka kwenye mishipa midogo, hupenya tabaka za ngozi, kisha ndipo hukifikia kihisi. Kilele kinachosomwa kwenye ngozi huchelewa nyuma ya kilele cha damu, mara nyingine kwa nusu saa, mara nyingine kwa saa mbili au zaidi, kutegemea unene wa ngozi, joto, kiasi alichokunywa mtu na mahali kifaa kilipofungwa. Mtu aliyegugumia konyagi mlangoni mwa stendi na kuingia garini papo hapo atanaswa na mrija wa trafiki, ilhali bangili ya mkononi itakuwa bado inasoma sifuri.

Kwa sababu hiyo wa kwanza kuvaa vifaa hivi kwa wingi hawakuwa madereva walioko kazini. Walikuwa watu waliohukumiwa.

Mwaka 2003 kampuni ya Alcohol Monitoring Systems ya jimbo la Colorado, Marekani, ilianza kuuza bangili ya kufungwa kwenye kifundo cha mguu, maarufu kwa jina la SCRAM. Hupima mvuke wa ngozi kila baada ya nusu saa, usiku na mchana, na kutuma taarifa kwa wasimamizi. Mwenye kuivaa akijaribu kupenyeza soksi au kipande cha plastiki kati ya bangili na ngozi, vihisi vya joto na vya mwanga hugundua kwamba pameingia kitu. Dunia ya burudani iliifahamu zaidi mwaka 2010, mwigizaji Lindsay Lohan alipoamriwa na mahakama ya California kuivaa.

Mahali ilipoleta mabadiliko ya kweli ni South Dakota, jimbo la mashamba na barabara ndefu zisizo na watu. Mwaka 2005 mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, Larry Long, alianzisha mpango wa kuwataka waliorudia kosa la kuendesha wakiwa wamelewa waache kunywa kabisa, na wathibitishe. Walipuliza asubuhi na jioni kila siku. Walioishi mbali walivaa bangili. Aliyekutwa na kileo alipelekwa mahabusu mara moja, lakini kwa siku moja au mbili tu. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya RAND, wakiongozwa na Beau Kilmer, waliripoti kwamba katika wilaya zilizotumia mpango huo, kukamatwa kwa waliorudia kosa hilo barabarani kulipungua kwa asilimia 12, na kukamatwa kwa ukatili wa nyumbani kwa asilimia 9.

Hiyo asilimia 9 inastahili kusomwa mara mbili. Mpango uliotungwa kwa ajili ya barabara uligusa majumbani, kwa kuwa anayerudi nyumbani amelewa na anayeendesha amelewa mara nyingi ni mtu yule yule. Uingereza nayo ilifuata mkondo huo. Sheria ya mwaka 2012 ilifungua mlango, majaribio yakaanza katika mitaa ya kusini mwa London mwaka 2014, Wales ikaanza rasmi Oktoba 2020 na England Machi 2021. Wizara ya Sheria ya huko imekuwa ikitangaza kwamba waliofungwa bangili walikaa bila kunywa kwa zaidi ya asilimia 97 ya siku walizofuatiliwa.

Katika mifano yote miwili bangili ilikuwa mwisho mmoja tu wa mnyororo. Mwisho wa pili ulikuwa na ofisa anayesoma taarifa kila siku, mahakama inayochukua hatua, na adhabu ndogo isiyoweza kukwepwa. Mwanya wa saa mbili kwenye ngozi haukuwa na madhara, kwani mahakama ilitaka kujua kama mtu alikunywa. Kama alikuwa amelewa dakika ile halikuwa swali lake.

Kuigeuza bangili ya mhukumiwa kuwa saa ya kuvaliwa kwa hiari kumekuwa kazi ngumu kuliko ilivyotarajiwa. Taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia madhara ya pombe, NIAAA, ilitangaza shindano, na Mei 2016 ikaipa kampuni ya BACtrack ya San Francisco zawadi ya kwanza ya dola 200,000 kwa kifaa cha mkononi kiitwacho Skyn. Kampuni ya Milo Sensors ya Santa Barbara ilipata dola 100,000 za mshindi wa pili. Mwaka huohuo wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiongozwa na Joseph Wang na Patrick Mercier, walionyesha kibandiko chembamba kinachobandikwa ngozini kama tatuu ya muda: hupitisha dawa kidogo kwa umeme hafifu ili kulichochea jasho, kisha hulipima na kutuma jibu kwenye simu. Walifupisha kusubiri mpaka dakika zisizozidi kumi na tano hivi.

Miaka imepita na maduka bado hayana kifaa ambacho mnywaji anaweza kukivaa akakiamini kama anavyoamini kipimajoto. Skyn imebaki zaidi mikononi mwa watafiti. Rockley Photonics, kampuni iliyojitangaza kwamba itasoma kileo na vitu vingine kupitia ngozi kwa mwanga wa leza, iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2023. Kikwazo hakiko katika ukubwa wa chombo wala betri. Ngozi za watu hazifanani, jasho la adhuhuri si jasho la usiku, na kihisi hakiwezi kuapa kwamba kileo kilichokigusa kimetoka ndani ya mwili. Vitakasa mikono, manukato na rangi za kuta vyote vina mvuke unaokichanganya. Wachambuzi hutofautisha kwa kutazama umbo la mchoro: kileo cha nje hupanda ghafla na kutoweka haraka, cha ndani hupanda polepole na kushuka polepole zaidi.

Mtu akitaka kuona ugumu huo kwa macho, afikirie mpika gongo wa kijiji chochote cha Bunda au Butiama, anayeshinda mbele ya pipa lililo motoni huku mvuke ukimpitia usoni na mikononi. Huenda hajaonja hata tone. Bangili yake ingechora vilele siku nzima.

Pombe za kienyeji zina tatizo la pili, nalo linakipa kihisi hoja ya kujitetea. Hesabu ya Widmark inahitaji kujua ukali wa kilichonywewa, na chupa ya kiwandani ina lebo. Kibuyu cha pombe ya mtama hakina, wala kikombe cha gongo. Watafiti wa Mwanza wakiongozwa na Joel Francis walipima vinywaji vya kienyeji katika mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro, wakakuta ukali unaotofautiana mno kati ya kinywaji na kinywaji, huku gongo ikiwa mbali juu ya zile zinazochachushwa tu. Mnywaji anayesema “nilipata vikombe viwili” hajatoa namba inayoweza kuingizwa kwenye kanuni yoyote. Kwa mnywaji wa namba zisizojulikana, kifaa kinachopima mwili badala ya chupa kina faida ambayo mnywaji wa Ulaya haihitaji sana.

Watafiti wa kanda hii wamelijua hilo kwa njia nyingine. Huko Mbarara, magharibi mwa Uganda, kundi la Chuo Kikuu cha Mbarara na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilichapisha mwaka 2012 matokeo ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliopulizishwa kipima ulevi kila siku kwa wiki tatu, majibu yakalinganishwa na kiashiria cha damu kiitwacho PEth, kinachobaki kwa wiki kadhaa baada ya mtu kunywa. Shida waliyokuwa wanaitafutia dawa inafahamika kwa kila mhudumu wa kliniki: mgonjwa akiulizwa kuhusu pombe, hupunguza. Haogopi polisi, anaogopa kugombezwa au kunyimwa huduma.

Moshi, katika Hospitali ya KCMC, njia iliyochaguliwa haina kifaa kabisa. Majeruhi wanaofika idara ya dharura wakiwa na dalili za matumizi mabaya ya pombe huzungumza faragha na muuguzi aliyefunzwa, kwa muda mfupi, katika mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ulioandaliwa na watafiti wa hospitali hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Duke. Mtu aliyevunjika mguu jana usiku yuko tayari kusikia jambo ambalo wiki moja kabla angelicheka.

Barabarani, Afrika Mashariki imechagua mrija. Kenya ilianza ukaguzi mkubwa mwishoni mwa mwaka 2013, na kifaa chenyewe kikaingia katika lugha ya mitaani kwa jina la Alcoblow. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikwamisha mashtaka yaliyotegemea kanuni za kifaa hicho, kwa kuwa hazikukaa sawa na Sheria ya Trafiki yenyewe. Mashine zilikuwa nzima na madereva walikuwa wamepuliza. Kilichovunjika kilikuwa kifungu. Nchini Uganda operesheni ya polisi iliitwa Kawunyemu na madereva wa Kampala wakalizoea jina hilo. Tanzania nayo ilishughulikia upatikanaji wa pombe: Februari 2017, akiwa Mirerani, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 pombe za viroba ni marufuku. Pakiti ile ndogo ya plastiki ilikuwa inaingia mfuko wa shati la bodaboda na ilimalizika kati ya abiria mmoja na mwingine.

Kwa Mara, basi, nani angevaa?

Bodaboda wa Bunda ndiye anayetajwa kwanza, na ndiye mgumu kuliko wote. Wengi huendesha pikipiki ya mtu kwa mkataba, wakipeleka hesabu kila siku mpaka chombo kiwe chao. Tajiri anataka hesabu yake. Kijana akirudi na fedha kamili, usiku wake haumhusu mtu. Hakuna ofisi ya kusoma taarifa za bangili, na hakuna adhabu ndogo ya haraka. Kilichopo ni kunyang’anywa pikipiki, na tishio zito kama hilo huzaa ujanja kabla ya kuzaa nidhamu.

Mvuvi wa dagaa wa mialo ya Musoma Vijijini anafuata. Anaingia ziwani jioni na taa, anarudi alfajiri, na wakati wa baridi ya ziwani chupa huonwa kama koti. Trafiki haji mwaloni. Kifaa cha mwilini kingekuwa kipimo cha kwanza kabisa kumfikia, ila mtumbwi uko mbali na mtandao, mikono imelowa usiku kucha, na mwenye mtumbwi analipa kwa mgawo wa samaki. Boya la kujiokoa lingemsaidia mapema zaidi na kwa gharama ndogo.

Mahakama ni njia ya tatu. Tanzania ina Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo humwezesha hakimu kumtumikisha mkosaji nje badala ya kumjaza gerezani, na maofisa wa kuwasimamia wapo. Mpango wa South Dakota ungeweza kuegemea hapo bila bangili hata moja, kwa kupuliza asubuhi na jioni katika kituo cha polisi. Lakini anayeishi Butiama ndani, kilomita nyingi kutoka kituoni, angelazimika kulipa bodaboda mara mbili kwa siku, na hapo ndipo bangili ingeanza kuonekana ya bei nafuu.

Anabaki dereva wa basi. Yeye tayari yuko ndani ya mnyororo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hufuatilia mabasi ya masafa marefu kwa mfumo wa VTS unaoonyesha mwendo kasi na mahali basi lilipo. Dereva mwenyewe hutambulishwa kwa i-button, kitufe anachokigusisha kwenye chombo kilichomo garini ili mfumo ujue ni nani yuko kwenye usukani. Hilo lilikusudiwa kuwabana wanaoachia gari kwa deiwaka asiye na sifa. Kwa maneno mengine, kuna ofisi inayosoma, kuna leseni ya kupoteza, na kuna mwajiri anayejulikana.

Kuna pia sheria ya kuzingatia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti makali zaidi kwa taarifa za afya. Kifaa kinachochora mwendo wa kileo usiku kucha hakimwonyeshi mwajiri pombe peke yake. Kinamwonyesha saa za kulala, joto la mwili, na siku za mapumziko zilitumikaje. Dereva asiye na mkataba wa maandishi, na hao si wachache, hana nguvu ya kukataa anapoambiwa avae au aache kazi. Mfumo wenye adabu ungemfikishia msimamizi jibu moja tu, safi au si safi, ndani ya saa za zamu na zile chache kabla yake, na ungefuta mengine.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya marufuku ya karibu miaka thelathini. Kwa abiria wa Musoma ilikuwa nafuu kubwa. Kwa ukaguzi wa stendi ilikuwa shida mpya, kwani dereva anayepuliza Bweri si lazima awe ndiye anayeendesha saa nane usiku. Safari ndefu zinatakiwa kuwa na madereva wawili. Wa pili husafiri amelala nyuma au kwenye kiti cha pembeni, na zamu hubadilishwa kwenye kituo cha mafuta au sehemu ya kula, ambako bia ziko kwenye friji lile lile la soda na trafiki mwenye mrija huenda hayupo.

Dereva huyo wa pili ndiye ambaye udhaifu mkubwa wa kifaa cha ngozi haumgusi sana. Akiwa amekivaa tangu Musoma, kihisi kimekuwa naye kwa saa nane au kumi, na chochote alichokunywa njiani kimepata muda wa kufika ngozini, isipokuwa kile cha saa moja au mbili za mwisho. Kwa muda huo mfupi mrija wa kawaida unatosha: unaweza kufungwa garini na kupulizwa mbele ya kondakta kabla gari halijaondoka kituoni. Vyote viwili vikiunganishwa na i-button, injini inaweza kusubiri majibu kabla mfumo haujalipokea jina jipya kwenye usukani. Hakuna katika mnyororo huo kinachohitaji uvumbuzi mpya; vinahitaji kampuni moja ya mabasi itakayokubali kuanza, madereva watakaoshirikishwa kutunga masharti, na ofisa wa zamu atakayekuwa macho saa nane usiku ujumbe unapoingia.